Jinsi ya Kulihakiki Shairi la Mti Uliooteshwa kwa Mbegu: Mwongozo Kamili

Mpe mtu yeyote aliyepitia shule za Kenya shairi lenye mti ndani yake, na kabla hajafika ubeti wa pili atakuwa ameshaandika pambizoni kwamba mti ni uhai. Akiona mbegu ataandika mtoto. Akiona mvua ataandika baraka, na mbuzi akitokea, ole wake, atakuwa ufisadi. Kisha atahesabu mizani, ataje tarbia, achukue alama zake aondoke. Shairi lenyewe atakuwa hajalisoma.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Mti uwe mti kwanza, mwenye gome na mizizi na maadui zake, na hayo mengine yaje mwisho kama yana haki ya kuja. Unamfaa mwanafunzi anayejiandaa kwa swali la ushairi katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, lile la alama 20, na unamfaa vilevile mtu mzima anayetaka tu kulifurahia shairi baada ya kazi.

Shairi la kufanyia mazoezi ni hili hapa, nililolitunga kwa kusudi hili hili.

Haraka

1. Nimeokota njiani, mbegu ndogo ya mgunga,
Nikatia mfukoni, kwa leso nikaifunga,
Ni ngumu kama madini, kisu hakiwezi chonga,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

2. Maji nikayachemsha, mbegu ndani ikazama,
Usiku kucha nakesha, nadhani nimeichoma,
Kumbe nimelainisha, ganda lilokuwa chuma,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

3. Mkebe nikatoboa, chini upitishe maji,
Mchanga nikautia, samadi ya mfugaji,
Kutwa ninachungulia, kama askari wa jiji,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

4. Ikachomoza mawili, majani yalofanana,
Chini mzizi u mbali, wala hatukuuona,
Nikatamani kivuli, nilale chini mchana,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

5. Masika yalipofika, shimo kaenda kuchimba,
Mche nikauatika, mita kumi toka nyumba,
Miiba nikaiweka, mbuzi asije kuramba,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

6. Leo ndege wanalia, kwenye tawi la manjano,
Wapita njia hutua, wakatamba zao ngano,
Mfuko nimefungua, mna mbegu nyingi mno,
Mbegu haina haraka, mwenye haraka ni mimi.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti, kalamu ikiwa mfukoni

Mashairi ya arudhi, yale ya vina na mizani, yalitungwa yaimbwe. Ukiyasoma kimyakimya kwenye simu ndani ya matatu utapata maana nusu na mdundo sufuri. Tafuta mahali. Nairobi ina pa kutosha kwa anayetaka: bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, bado ina viti na vivuli, na City Park pia. Ukikosa nauli, ghorofani kwenye kamba za nguo panatosha.

Lighani mara mbili tatu kwa mahadhi yoyote unayoyajua. Usisimame kwenye neno gumu. Unachotafuta katika hatua hii ni mahali ulimi unapokwama na mahali unapotaka kurudia. Wengi hurudia kibwagizo, na ubeti wa tatu huwachekesha. Yashike hayo mawili, tutayahitaji.

Hatua ya 2: Simulia kinachotokea

Andika kila ubeti kwa lugha nathari, sentensi moja au mbili, kama unayemweleza jirani. Ubeti wa pili kwa mfano: "Nilichemsha maji nikaitumbukiza mbegu, ikazama. Sikulala nikidhani nimeiunguza, kumbe maji yale yamelilainisha ganda lake gumu." Basi. Usitie "mshairi anadhihirisha umuhimu wa mazingira", kwa kuwa hakuna mahali amesema hivyo.

Ukimaliza, pigia mstari vitenzi na uangalie ni vya nani. Katika beti tatu za kwanza karibu vyote ni vya nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi: anaokota, anatia, anafunga, anachemsha, anakesha, anatoboa, anachungulia. Mbegu yenyewe imefanya jambo moja tu: imezama. Ubeti wa nne ndio wa kwanza kufunguka kwa kitenzi cha mbegu, *ikachomoza*. Kufikia wa sita wanaotenda ni ndege na wapita njia, na nafsineni amebakiwa na kufungua mfuko. Hiyo tayari ni hakiki, na hujataja istilahi hata moja.

Hatua ya 3: Lipeleke shairi kitaluni

Hapa ndipo miongozo mingi hupita mbio, nami nitakaa.

Shairi la mazingira hutoa madai kuhusu ulimwengu. Hili linadai kwamba mbegu ya mgunga ni ngumu, kwamba maji moto huifaa, kwamba mzizi hutangulia jani. Asiyejua kama madai hayo ni kweli hawezi kutambua mshairi anasema kweli wapi, anatia chuku wapi na anatania wapi. Kwa hiyo lichukue shairi mshororo kwa mshororo ulipeleke kwa wenye vitalu. Nairobi hawakosekani. Wako kando ya Ngong Road na Thika Road, miche yao imepangwa hadi ukingoni mwa lami, na hupenda kuulizwa.

Anza na aina ya mti. Ubeti wa sita unasema tawi ni la manjano, kwa hiyo huu si mgunga wowote. Ni ule wenye gome la manjano unaouona Naivasha kando ya ziwa, Amboseli, na pembezoni mwa mito ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wataalamu wa mimea huuita *Acacia xanthophloea*, ingawa vitabu vipya vimeuhamishia jenasi ya *Vachellia*. Chini ya ule unga wa manjano gome lake ni kijani, na shina hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Una miiba myeupe iliyonyooka, inayoota miwili miwili. Ukikomaa hufika mita 15, hata 25.

Sasa mbegu. Ganda lake halipitishi maji kwa urahisi. Porini mbegu za migunga husaidiwa na wanyama wanaokula maganda ya matunda yake: mbegu hupita tumboni, zikatoka zikiwa zimekwanguka na kulainika. Kitaluni hakuna twiga, kwa hiyo mwenye kitalu huchemsha maji, huyaepua, huyamwaga juu ya mbegu na kuziacha zilowe humo hadi kesho yake. Wengine hukwangua ganda kidogo kwa kisu au kulisugua kwa msasa. Basi "kisu hakiwezi chonga" ni chuku, tena chuku ya mtu aliyejaribu kwa haraka akashindwa. Lakini "maji nikayachemsha" si sitiari ya mateso ya maisha wala moto wa mitihani. Ni maagizo ya kitaluni. Nimeona mshororo wa namna hii ukitafsiriwa kuwa mapito ya vijana wa kisasa, na mwandishi wa hayo alikuwa na ufasaha wa ajabu.

Tazama pia *ikazama*. Mbegu zikitiwa majini, zile tupu zisizo na kiini aghalabu huelea, na nzima huzama. Mshairi amekupa habari kwa kitenzi kimoja: mbegu ni nzima, ingawa nafsineni hana habari hiyo na anakesha akidhani ameichoma. Hofu yake ina msingi. Mbegu ikiachwa jikoni maji yakiendelea kutokota, hufa. Shairi halituambii kama aliepua sufuria kwanza, na pengo hilo ndilo linalotufanya tukeshe pamoja naye.

Kisha kifikirie kibwagizo chenyewe. "Mbegu haina haraka." Je, ni kweli? Kwa mgunga ni kweli kabisa: lile ganda linalozuia maji ndilo linaloilinda, na mbegu ikihifadhiwa pakavu inaweza kukaa miaka ikiwa hai. Lakini si kweli kwa kila mti. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uwezo wa kuota upesi, wiki hadi miezi michache baada ya kuokotwa, na anayeiweka mfukoni kwa leso akingojea masika atapanda maiti. Ungeubadilisha mti, kibwagizo kingekuwa uongo. Uchaguzi wa mgunga si pambo la kutafuta kina cha *-nga*.

Kuna jambo la pili linaloongeza utamu. Mgunga huu ukishaota hukua kwa kasi kuliko miti yetu mingi ya asili. Asiye na haraka, basi, ni mbegu peke yake. Mti una haraka yake pia. Shairi limegawanyika hapo hapo: beti tatu za kungoja, mmoja wa kuchomoza, na kati ya mshororo wa 20 na wa 21 miaka mizima imerukwa bila neno.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Mkebe hutobolewa kwa sababu maji yakituama mizizi huoza. Samadi lazima iwe imeoza, mbichi huunguza miche, na shairi limenyamaza juu ya hilo. "Mchanga" wa ubeti wa tatu usikusumbue, kwani Nairobi tunauita udongo wote hivyo. Mzizi kweli hutangulia: mbegu ikipasuka, kinachotoka kwanza ni mzizi unaoelekea chini, na yale majani mawili ya mwanzo huja baadaye. "Chini mzizi u mbali, wala hatukuuona" ni ripoti sahihi ya botania, na pia ndio mshororo wangu ninaoupenda zaidi, kwa sababu yule askari aliyekuwa akichungulia kutwa amepitwa na jambo kubwa kuliko yote.

Miche hupandwa mvua zikianza. Kwa Nairobi ni masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba. Mita kumi kutoka nyumba ni akili ya mtu anayejua mti utafika wapi. Na miiba ya kuzuia mbuzi ni kinaya kizuri: anauzungushia miiba ya kuazima mti ambao kesho utajaa miiba yake mwenyewe.

Ukitaka, fanya zaidi ya kuuliza. Mbegu za miti ya asili huuzwa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kule Muguga. Loweka chache, zitie mkebeni, zimwagilie kidogo kila siku, usome ubeti wa tatu kila unapochungulia. Kwa kawaida mgunga huchipua ndani ya wiki chache, na utaujua ubeti ule kwa namna ambayo hakuna daftari la fasihi litakufundisha.

Hatua ya 4: Sikio kwanza, istilahi baadaye

Sasa toa kalamu. Hesabu kwa kugonga meza:

Mbe-gu ha-i-na ha-ra-ka / mwe-nye ha-ra-ka ni mi-mi.

Mizani 8 kwa 8, jumla 16, na mishororo yote 24 imekaa hivyo. Wanaoanza huangukia mahali pamoja: *m* inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ni silabi kamili, kwa hiyo "mche" ni mizani 2 na "mgunga" ni 3, ilhali *mb* ya "mbegu" haikatwi. "Askari" huhesabiwa a-ska-ri, mizani 3. Ukipata 17 mahali, hesabu tena kabla ya kumshtaki mshairi.

Umbo lenyewe halichukui muda. Mishororo minne kila ubeti, hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Vina vinabadilika ubeti hadi ubeti (-ni na -nga, -sha na -ma, kuendelea), hivyo ni ukaraguni. Mshororo wa mwisho unarudiwa, hivyo ni kibwagizo. Umemaliza. Wanafunzi hukaa hapa dakika ishirini na kuwabakia tano za kusema shairi linahusu nini.

Kinachofaa kukuchukulia muda ni kazi ya maumbo hayo. Kibwagizo kimekuja mara 6 katika mishororo 24, maana yake robo ya shairi zima ni sentensi moja. Kila ubeti, hata ule wa maji na ule wa mbuzi, unafungwa na neno "mimi". Hakuna kina kingine shairini kinachoungana na hiyo *-mi*. Inasimama pekee kila mara. Kwa upande wa ukwapi, *-ka* ya "haraka" imepata wenzake mara moja tu, ubeti wa tano: yalipofika, nikauatika, nikaiweka. Ni ubeti ambao nafsineni hatimaye ana kazi inayolingana na haraka yake, kwa kuwa mvua haimngoji mtu. Kina kimekwenda sawa na tendo. Ukiona jambo kama hilo, liandike, lina thamani kuliko kutaja bahari (aina za mashairi) tatu.

Kuhusu uhuru wa kishairi, taja kilichopo na sababu yake. "Hakiwezi chonga" badala ya hakiwezi kuchonga, "lilokuwa" badala ya lililokuwa, "yalofanana" badala ya yaliyofanana, "kaenda" badala ya nikaenda: zote ni inkisari, za kutosheleza mizani. "Mawili majani" na "zao ngano" ni kuboronga sarufi. La kwanza limefanya kazi zaidi ya vina: unasikia idadi kabla hujajua ni nini, jinsi mtu anavyoona vitu viwili vya kijani udongoni kabla hajatambua ni majani. Mazda, yaani kurefusha neno, haimo. Usiitaje kwa sababu tu imo daftarini.

Hatua ya 5: Nani anasema, na kwa sauti gani

Nafsineni ni mtu wa mjini. Ushahidi ni mkebe, leso ya mfukoni, na zaidi ya yote yule askari wa jiji. Ila ana mahali pa kuchimba shimo mita kumi kutoka nyumba, palipo na mbuzi, kwa hiyo huenda ana kiploti Kitengela au pa wazazi ushago. Nusu ya Nairobi huishi hivyo. Shairi halisemi ni mwanamume au mwanamke, basi nawe usiseme.

Toni ndiyo iliyo tamu. "Kutwa ninachungulia, kama askari wa jiji." Mkaazi wa Nairobi anaijua picha hiyo: mama mboga amekunja turubai, wachuuzi wametawanyika vichochoroni, kanjo, ndio hao askari, wanapita wakitupia macho kila kona. Hapa anayewindwa ni mbegu iliyolala mkebeni, isiyo na pa kukimbilia. Nafsineni anajicheka. Anajua haraka yake ni ya kipuuzi na haachi. Mshororo wa "nilale chini mchana" unalithibitisha hilo, maana mche una majani mawili na yeye tayari anatandika mkeka. Andika kwamba toni ni ya ucheshi na kejeli kwa nafsi, halafu toa mishororo hiyo miwili. Ukiandika "toni ya huzuni" kwa sababu mtu amekesha, hujasoma vitenzi vyako vya hatua ya pili.

Nafsinenewa, yaani anayeambiwa, hatajwi. Lakini "hatukuuona" ya ubeti wa nne imeingia kwa wingi ghafla, wakati kila mahali pengine ni "mimi". Ni nani hao wengine? Kwa maoni yangu ni sisi wasomaji, tuliokuwa tumeinama juu ya mkebe pamoja naye.

Ziangalie pia nyakati. Mishororo mingi ni ya masimulizi, *-ka-*, na ghafla ubeti wa sita unafunguka na "Leo". Mazoea yanatufundisha kutarajia kwamba mtu wa ubeti wa mwisho atakuwa amebadilika, kwamba kibwagizo kitageuzwa kidogo aseme sasa ametulia. Hakigeuzwi. Amefungua mfuko, mna mbegu nyingi mno, na haraka ni ile ile.

Hatua ya 6: Sasa uliza kama mti ni zaidi ya mti

Kipimo changu ni kikali kidogo: taashira, yaani kitu kinachosimamia kingine, isiyo na mishororo miwili ya kuishikilia ni ndoto ya msomaji. Tupime tafsiri tatu.

*Mti ni mtoto.* Kuna "usiku kucha nakesha", kuna kuzuia mbuzi asirambe, kuna mzizi ambao mlezi hakuuona ukienda. Tafsiri hii ina miguu, ingia nayo.

*Mti ni taifa.* Nimetafuta. Kuna askari wa jiji na kuna wapita njia, lakini huyo askari ni tashbihi ya nafsineni mwenyewe, si serikali. Haisimami.

*Shairi linafunza subira.* Hili ndilo jibu linaloandikwa na karibu kila mtu, na shairi halilithibitishi. Subira ni ya mbegu. Binadamu hana hata tone, tangu ubeti wa kwanza hadi wa sita, na mti umeota vilevile. Ukitaka kutoa dhamira, iandike hivyo: kwamba mti huota mikononi mwa mtu asiye na subira mradi ayafanye yanayotakiwa kwa wakati wake, yaani maji moto, matundu, mvua, miiba. Ni dhamira yenye ukali na inatoka ndani ya maandishi.

Upo pia muktadha, na kwa Nairobi hauepukiki. Jiji hili limepigania miti kwa damu. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, mwaka 1977, alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park mwaka 1989, na miaka kumi baadaye akapigwa akijaribu kupanda miche katika msitu wa Karura. Mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Msomaji wa Nairobi huyabeba haya akisoma shairi lolote la mti, na si vibaya kuyataja.

Yataje kwa uangalifu lakini. Kwenye sherehe za kitaifa hupandwa miche, tena miche iliyooteshwa na mtu mwingine. Mgeni wa heshima anaingia kwenye shairi letu ubeti wa tano, shimo limeshachimbwa, kamera ziko tayari, anaondoka kabla ya mbuzi. Beti nne za mwanzo hazimo katika siasa ya upandaji miti, na shairi hili limezipa theluthi mbili za nafasi yake. Ukiligeuza kuwa wimbo wa kampeni ya kitaifa umelinyang'anya kitu. Ukilitumia kuiuliza kampeni hiyo swali (miche hii imetoka kwa nani, na nani atakuja kuizungushia miiba?) umelisoma sawasawa.

Hatua ya 7: Andika

Fungua kwa jambo mahususi ulilogundua, ufululize ushahidi, umbo liingie pale linaposaidia hoja. Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza:

"Shairi hili ni la tarbia kwa kuwa lina mishororo minne. Mshairi ametumia tashbihi, kwa mfano 'kama askari wa jiji'. Tashbihi hii inaleta mvuto. Mti ni ishara ya uhai."

Hakuna kosa ndani yake, na hakuna msomaji ndani yake. Ya pili:

"Nafsineni anajilinganisha na askari wa jiji anapoichungulia mbegu kutwa nzima. Tashbihi hii inachekesha kwa kuwa mbegu haiwezi kutoroka, na inamsuta pia, kwani katika ubeti unaofuata mzizi umeshakwenda 'mbali' bila yeye kuuona. Ulinzi wake wote haukuona lililo muhimu. Kibwagizo, kinachofunga kila ubeti kwa neno 'mimi', kinaonyesha kwamba analijua hilo na bado hajirekebishi."

Ya pili imetaja tashbihi, kibwagizo, nafsineni na toni, kila kimoja mahali pake. Mtahini anayetafuta istilahi atazikuta, na anayetafuta hoja ataikuta.

Ukiwa chumba cha mtihani, dakika ni chache na maswali yameshapangwa: "Taja bahari mbili", "Andika ubeti wa nne kwa lugha nathari", "Toa mifano miwili ya uhuru wa kishairi". Yajibu kama yalivyoulizwa, kwa ufupi, bila kujivuna. Hatua ya 3 utakuwa umeifanya kichwani ukisoma mara ya pili, na itakuokoa kwenye maswali ya dhamira, toni na nafsineni, ambako wengi hubahatisha.

Ukikutana na shairi huru

Mashairi mengi ya mti siku hizi hayana vina wala mizani. Hatua zote zinabaki isipokuwa ya nne. Badala ya kugonga silabi, angalia mstari unakatwa wapi na ni neno gani limeachwa peke yake mwishoni, kisha uulize kama mkato huo unafuata pumzi, picha au kitendo. Mistari ikifupika ghafla, rudi kwenye nathari yako uone kilichotokea kwa mche mahali hapo. Na kama mti haukutajwa aina, jaribu kuugundua kwa gome, ua, tunda au msimu: shairi la Nairobi lenye maua ya zambarau yaliyotapakaa lami mwezi wa Oktoba linazungumzia jakaranda, na jakaranda ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, jambo ambalo mshairi huenda amelikusudia au amelisahau. Uliza lipi kati ya hayo mawili, na utafute mstari wa kukujibu.